Mikono Myembamba ya Waendesha Baiskeli Si Udhaifu

Wengi hudhani kwamba mikono myembamba ya waendesha baiskeli wa kulipwa wa barabarani ni dalili ya udhaifu au njaa, ilhali wembamba huo unatokana na kazi yenyewe. Kwenye mlima kama Alpe d'Huez nchini Ufaransa, wenye takriban kilomita 13.8 na mwinuko wa wastani wa asilimia 8 hivi, mpandaji hupambana hasa na mvutano wa dunia, kwa hiyo kila kilo ya misuli ya kifua isiyosukuma pedali ni mzigo mtupu. Tumbo na mgongo, kinyume chake, huimarishwa kwa makusudi, maana ndivyo vinavyotuliza kiwiliwili miguu inapokanyaga. Wanaoshindana mbio fupi za baiskeli za uwanjani, ambako hakuna mlima, huwa na vifua vipana.