Alamu haitengenezwi

Wiki hii nimeikuta tena kwenye kitabu cha zamu cha mafundi wa mitambo ya simu, kwa mwandiko wa kijana mmoja anayeipenda kazi yake: "Alamu imetengenezwa saa 9:40 usiku." Nimeshaisoma sentensi hii Lindi, nimeisoma Masasi, nimeisoma hapa Mtwara, na kila mara namwonea huruma anayepokea zamu asubuhi, maana ataanza kazi hajui usiku kulitokea nini.

Alamu ni taarifa. Mtambo wa simu hujichunguza muda wote, na ukiona jambo lake limekwenda kombo huandika taarifa yenye sehemu zake: kifaa kipi, tukio la aina gani, sababu inayoelekea, ukali, saa. Mpangilio huo umo katika pendekezo X.733 la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, la mwaka 1992, na mitambo mingi huufuata hata kama kila mtengenezaji ana maneno yake. Basi, alamu ni hiyo tu; kinachotengenezwa ni kitu kilichoharibika.

Shida iko kwenye maneno matatu tunayoyachanganya: kosa, hitilafu na alamu.

Kosa ni neno letu la Kibantu, na maana yake ya kwanza ni kutopata. Mtu amekosa nauli, mwindaji amekosa shabaha. Kwenye simu kosa ni hilohilo: biti iliyotumwa ikiwa 1 ikafika 0. Kiungo cha E1, njia ya kidijitali inayounganisha mitambo ya simu, hupitisha biti 2,048,000 kila sekunde, na hukaguliwa mafungu 1,000 ya biti kwa sekunde hiyohiyo. Fungu lisilolingana na hesabu yake ya ukaguzi huongeza moja kwenye kaunta ya makosa, kimyakimya, hakuna taa inayowaka. Makosa yapo siku zote, hasa masika radi zinapopiga, na mengi hupita bila mtu kuyajua. Mafungu mabovu yakifika 915 katika 1,000, hapo mtambo huona kuwa umeshikilia mpangilio wa uongo, yaani umekosea mahali mafungu yanapoanzia, ukaanza kupatafuta upya.

Hitilafu imetoka kwenye Kiarabu, ikhtilafu, yaani kutofautiana. Wazee wa Mikindani bado wanasema "tumehitilafiana" wakimaanisha kila mmoja ameshika lake. Ukoo wake ndio uliotupa mhalifu, aliyekwenda kinyume. Napenda sana neno hili kwa kazi yetu, kwa sababu kadi iliyoungua, betri iliyokufa au kebo iliyokatika ni kitu kilichoacha kuwa kama kinavyotakiwa kuwa. Hitilafu inakaa mahali. Unaweza kuiendea na bisibisi.

Alamu je? Wengi wanaamini imetokana na alama. Hapana. Alama ni Kiarabu pia, na maana yake ni ishara au doa la kutambulisha. Alamu tumeipata kwa Waingereza, nao waliipata kupitia Kifaransa kutoka Kiitaliano, all'arme: "kamateni silaha!" Ni ukelele wa mlinzi anayeona vumbi kwa mbali. Mlinzi hajui kama ni adui au ni ng'ombe. Kazi yake ni kupiga ukelele. Ndiyo sababu katika X.733 sehemu ya ukali haiitwi ukali peke yake, inaitwa ukali unaodhaniwa. Mtambo unasema unavyodhani. Kuujua ukweli ni kazi ya fundi.

Sasa chukua katapila linalochimba mtaro karibu na Mtama likakata kebo. Hitilafu ni moja. Mtambo wa Masasi hausikii chochote kutoka Lindi, unaandika alamu. Kwa kuwa hauna cha kupeleka mbele, unasukuma kuelekea Newala mfululizo wa moja tupu, 1111111, ishara iliyokubaliwa duniani kote kumwambia aliye mbele: tatizo liko nyuma yangu, wewe usijishike uchawi. Newala nayo inaandika alamu. Kwa dakika chache skrini imejaa mistari myekundu, na fundi mgeni anapakia vifaa kwenye gari kupanda Newala, ambako kila kadi ni nzima. Nimewahi kuipanda safari hiyo, na hicho kilima hakisahauliki ukishajua hukutakiwa kukipanda.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Alamu inaweza kupokewa, na inaweza kufutika. Kuipokea ni fundi kubonyeza kusema "nimeiona"; mlio unakatika, mstari unabaki. Kufutika hutokea pale mtambo wenyewe unapoona hali imerudi, ukaandika taarifa mpya yenye ukali wa "imefutika". Ndiyo, kufutika kumepangwa kama ngazi mojawapo kati ya sita za ukali, pamoja na isiyojulikana, ya hatari, kubwa, ndogo na onyo. Umeme ukikatika, alamu ya umeme hutokea. Ukirudi, inafutika yenyewe, wala hakuna aliyegusa kitu. Lakini betri za volti 48 zilizobeba mzigo usiku kucha zinaweza kuwa zimechoka, na hilo halimo kwenye mstari uliofutika.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa zamu ya usiku, sentensi yako ina ukweli ndani yake, imekosa mahali pa kukaa tu. Andika: "Alamu ya umeme imepokewa saa 9:12, imefutika saa 9:40 umeme uliporudi. Hitilafu haijatafutwa, betri hazijapimwa." Ni maneno machache zaidi, na mwenzako akiingia saa 1 asubuhi ataanza na betri.