Ufito Kabla ya Tepu

Kila wanafunzi wapya wa useremala wanapoingia karakanani, hakosi mmoja wa kuigonga kwa nyundo ile ncha ya chuma ya tepu kwa kuwa "inacheza". Imetengenezwa icheze. Ukiisukuma ndani ya fremu inarudi nyuma kwa unene wake. Ukiivuta ukingoni mwa ubao inatoka kwa kiasi hicho hicho, ili vipimo vya ndani na vya nje viwe sawa. Ukishaikaza, kimojawapo umekiharibu.

Hata tepu nzima, shida ni msomaji. Fundi anapima uwazi wa kabati, anapata 79.6, njiani anasalimiwa na mteja, akifika kwenye mbao anakata 76.9. Ndiyo maana mimi naanza na ufito. Tafuta mninga mkavu ulionyooka, upana wa vidole viwili. Uegemeze pale pale kwenye uwazi, kisha uchanje kwa ncha ya kisu mahali fremu inapoishia, rafu zinapokaa na bawaba zinapoingia. Namba haihitajiki hata moja. Makabati sita yatatoka kwenye ufito huo huo, na droo zitabadilishana bila kukwama. Mbao hunywea na kuvimba zaidi kwenye upana, kwenye urefu wa nyuzi ni kidogo mno, kwa hiyo masika hayatakuharibia alama zako. Andika jina la kazi, toboa tundu, tundika ukutani.

Skweya kubwa, yaani kipimo cha kona ya nyuzi 90, ya kukagulia milango utaipata kwa vipande viwili vya mbao. Kwenye kona ya ndani, pima sentimita 60 upande mmoja na 80 upande wa pili. Ulalo ukisoma 100 kamili, gundi na skrubu. Usiiamini bado. Ibane kwenye ubao wenye ukingo ulionyooka, chora mstari, igeuze chali, chora mwingine kuanzia nukta ile ile. Mistari ikiachana milimita 2 mwishoni, skweya imekosea milimita 1, maana kosa hapo hujionyesha mara mbili. Piga randa kidogo kidogo hadi mistari ilaliane. Zijaribu na za dukani. Ninazo kadhaa ambazo siku hizi kazi yake ni kuzuia mlango usijifunge.

Mwisho, fito mbili fupi za upana mmoja, zenye kingo zilizonyooka, moja ipakwe chaki kwa juu. Laza moja kila mwisho wa ubao, chuchumaa, fumba jicho moja, tazama juu ya ile ya karibu. Ile yenye chaki ikichomoza kona moja tu, ubao umejisokota, hata kama mkono unaona uko sawa. Mimi huenda nazo hadi kwa wauza mbao, kabla sijalipa. Hawanipendi.