Ndani ya karatasi moja ya sanduku la maoni

Tuseme karatasi imetolewa kwenye sanduku la maoni la hospitali mojawapo hapa Mwanza, nayo inasema: "Nesi wa usiku alinifokea. Nilimfuata mara mbili kumwambia mama anahema vibaya, akasema nikae nimsubiri daktari. Asubuhi ndiyo wakamwekea oksijeni."

Kwa mazoea, karatasi hii inaingia daftarini kama "lugha mbaya". Nesi anaitwa, anaonywa, na mwisho wa mwezi inahesabiwa kwenye jumla. Shauri limekwisha.

Isome tena taratibu. Kufokewa kumo, na ni kosa. Lakini ndugu wa mgonjwa alileta taarifa kwamba hali inabadilika, hakusikilizwa. Na la hatari kuliko yote: kwa maelezo yake, usiku kucha hakuna aliyempima mama huyo. Onyo la lugha haligusi hilo hata kidogo. Wiki ijayo nesi mwingine, mpole kabisa, atasema "msubiri daktari" kwa sauti ya upole na mgonjwa atazidiwa vilevile.

Ndiyo maana nasisitiza tuyachambue malalamiko kwa mfumo. Ninaoupendelea ni HCAT (Healthcare Complaints Analysis Tool), yaani zana ya kuchambua malalamiko ya huduma za afya, uliotengenezwa na Alex Gillespie na Tom Reader wa London School of Economics. Una nyanja tatu: tiba, yaani ubora na usalama, uendeshaji, yaani mazingira na taratibu za hospitali, na mahusiano, yaani kusikiliza, mawasiliano, na heshima pamoja na haki za mgonjwa. Jumla makundi saba. Kila tatizo linapewa uzito wa 1 hadi 3, linaonyeshwa lilitokea katika hatua gani ya huduma, kisha madhara yanapimwa peke yake, 0 hadi 5. Karatasi yetu inachukua mistari mitatu daftarini. Huhitaji programu yoyote. Daftari la kaunta lenye safu za tarehe, wodi, zamu, kundi, uzito, hatua, madhara na jibu alilopewa mlalamikaji linatosha.

Kosa linalorudiwa sana ni kupima uzito kwa hasira ya mwandishi. Mtu anaweza kulalama ukurasa mzima juu ya foleni ya dirisha la dawa, ikawa 1. Mwingine akaandika mstari mmoja tu, "walimchoma sindano ya mwenzake", nayo ni 3 hata kama mgonjwa hakudhurika. Malalamiko 20 ya mwanzo yasomwe na watu wawili, kila mmoja kivyake, kisha walinganishe. Wakitofautiana sana, wakubaliane maana ya kila namba kabla ya kuendelea.

Lenye uzito wa 3 lisingoje kikao cha mwezi. Siku hiyohiyo litolewe faili, ratiba ya zamu na chati ya vipimo. Kwa karatasi yetu maswali ni haya: manesi wangapi walikuwa zamu, na wagonjwa wangapi? Oksimita, kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, ilikuwepo wodini, ina betri, au imefungiwa kabatini na ufunguo kaondoka nao inchaji, yaani nesi msimamizi wa wodi? Nesi alijua ampigie nani usiku ule? Majibu yakipatikana, wodi iweke utaratibu: ndugu akisema mgonjwa kabadilika, pima kuhema, mapigo, presha, joto na oksijeni papo hapo, andika na saa. Kumwadhibu nesi huku oksimita ikibaki kabatini ni kumwonea, na mgonjwa anayefuata hapati nafuu yoyote.

Sanduku lenyewe lisikae mbele ya meza ya manesi, na ufunguo usishikwe na wodi inayolalamikiwa. Lifunguliwe kila wiki na watu wawili, mmoja kutoka kamati ya usimamizi ya hospitali. Jina la mlalamikaji lifichwe kabla nakala haijafika wodini, maana kesho atarudi kutibiwa hapohapo.

Kuna wagonjwa ambao sanduku halitawapata kamwe. Mtu wa rufaa kutoka visiwa vya Ukerewe, Kome au Maisome akiruhusiwa, akili yake iko kwenye chombo cha kumvusha. Akifika nyumbani ndipo anagundua hajui dawa ipi inamezwa lini, wala kidonda kitasafishwa wapi. Gillespie na Reader walipochambua malalamiko 1,110 ya Uingereza mwaka 2018, walionyesha kwamba malalamiko yanafichua sehemu ambazo ni vigumu kuzifuatilia: kupokelewa, kuruhusiwa, na mambo ambayo hayakufanyika kabisa. Huku ziwani, ziba pengo hilo kwa simu. Chukua namba ya ndugu kabla hawajaondoka, piga siku ya tatu, kwa Kisukuma au Kikerewe ikibidi, na uulize: "Mlipofika nyumbani, nini kiliwashinda?" Andika maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyanyoosha yakawa ya kiofisi.

Baada ya miezi mitatu rudi wodi ileile, zamu ileile. Malalamiko yakiwa yamepungua, chomoa chati kumi za usiku uone kama vipimo vipo na saa zimeandikwa. Visipokuwepo, huduma haijabadilika; watu wamechoka tu kuandika malalamiko.