Goti lililopoa si goti lililoota upya

Mwenzangu wa kukimbia alichomwa sindano ya goti, akapumzika wiki kadhaa, akarudi mbio akiwa na furaha yake. "Gegedu limeota," akaniambia, yaani ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo. Nikamuuliza kama amepiga picha nyingine ya goti. Hakupiga. Amejuaje, basi? "Si haliumi tena!"

Ni mara ya nne au ya tano mwaka huu nasikia maneno hayo, kila mara kutoka kwa mtu mwerevu ambaye hawezi kudanganywa kwenye jambo jingine lolote. Nimenyamaza vya kutosha.

Tiba rejeshi, ambayo wengine huiita tiba ya kuzalisha upya, ni jina la jumla la matibabu yanayolenga kuufanya mwili utengeneze tena tishu iliyoharibika, badala ya kutuliza maumivu tu au kuweka kiungo cha bandia. Kwenye maumivu ya viungo, ile isiyohitaji upasuaji huwa karibu kila mara ni sindano. Ipo PRP, yaani plazma inayotokana na damu yako mwenyewe baada ya kuzungushwa kwa kasi kwenye mashine ili chembe sahani, zile chembe za damu zinazoigandisha, zikusanyike kwa wingi. Zipo seli zinazouzwa kwa jina la seli shina, zinazofyonzwa kutoka kwenye uboho wa mifupa au mafuta ya mwili. Ipo proloterapia, ambayo kwa kawaida ni maji yenye sukari ya dekstrosi. Wateja wake wakubwa ni watu wazima ambao bado wanakimbia, wanacheza mpira na kupanda milima. Vidonge vimewachosha, na kubadilishiwa goti ni mapema mno.

Maana ndiyo hiyo, haina fumbo. Ila rudi ulitazame neno "yanayolenga". Hilo ndilo lililobeba mzigo wote, na ndilo linalodondoka njiani kati ya maabara na mdomo wa mgonjwa. Tiba inapewa jina la kile inachokitafuta, kisha watu wanalisoma jina kama ripoti ya kilichopatikana.

Kinachonikera zaidi ni kwamba Kiswahili hakina upungufu hapa. Kina vitenzi vitatu vilivyo wazi kabisa na sisi tunavikoroga. Kupoa ni makali kupungua: hasira hupoa, homa hupoa, maumivu hupoa. Kupona ni kurudi katika uzima, hata kama kovu litabaki. Mfupa uliovunjika ukiunga, umepona. Kuota ni habari nyingine. Kinachoota ni kitu kilichokuwa hakipo na sasa kinachomoza, kama jino la mtoto. Unaweza kupoa bila kupona. Unaweza kupona bila chochote kuota. Na kinaweza kuota kitu usichokitaka, maana hata vile vidude vya mfupa vinavyojitokeza pembeni mwa goti lililolika vimeota, tena bila kuombwa.

Mwenzangu alipoa. Yeye akasema ameota.

Hapa ndipo hoja ya "haliumi tena" inapovunjika, na sijui kwa nini haisemwi mara nyingi zaidi. Gegedu halina neva. Halina pia mishipa ya damu. Hupata chakula chake kutoka kwenye ute wa kiungo, ambao hupenya ndani kila goti linapobanwa na kuachiwa. Kwa kuwa halina neva, gegedu lenyewe haliumi. Kinachouma ni mfupa ulio chini yake, utando unaoufunika uwazi wa kiungo kwa ndani, kano, na misuli inayojikaza kuulinda mguu. Kwa hiyo maumivu yakiondoka yanakuambia kwamba mojawapo ya hivyo vimetulia. Kuhusu gegedu hayakuambii chochote. Wapo watu ambao picha zao zinaonyesha gegedu limechakaa vibaya na bado wanapanda ngazi wakipiga mluzi. Wapo wenye picha safi wanaochechemea.

Na kwa kuwa halina damu, gegedu likichubuka halina njia ya kawaida ya kujiunga, kwa sababu ukarabati wa mwili huanzia kwenye damu. Daktari William Hunter aliliandika hilo London mwaka 1743, kwamba gegedu likishaharibika halirudi, na akasema waliomtangulia tangu Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, walikuwa wakijua hivyo. Karibu miaka 300 baadaye watafiti bado wanapambana na sentensi hiyo moja. Nikiambiwa kwamba imeshindwa kimyakimya kwa sindano tu, nadhani nina haki ya kuuliza picha iko wapi.

Kuna kichekesho hapa. Mjusi akikatika mkia, mkia unaota tena, lakini uti wa mkia mpya hauwi na pingili za mfupa kama ule wa kwanza. Ndani yake kuna mrija wa gegedu. Yaani tishu ile ile inayotushinda sisi, yeye huitumia kama kiraka.

Turudi kwenye jina lenyewe, kwa sababu historia yake inaeleza jinsi tulivyofika hapa. Neno linalotumika katika lugha za Ulaya, "regeneration" kwa Kiingereza, linatokana na Kilatini, na maana yake ni kuzaliwa tena. Kwa karne nyingi lilikuwa neno la kanisani: ubatizo, kuzaliwa kwa pili, utu mpya. Wataalamu wa viumbe walipolichukua, walikuwa na jambo la kuonekana kwa macho. Réaumur wa Ufaransa alikuwa ameeleza mwaka 1712 jinsi miguu ya kamba wa mtoni inavyoota tena ikikatika. Trembley, miaka ya 1740, aliikata hidra, mnyama mdogo wa majini, vipande na kila kipande kikawa hidra nzima. Spallanzani akaandika mwaka 1768 kuhusu salamanda, mnyama anayefanana na mjusi, ambaye mkia na miguu yake huota tena. Hao hawakuwa na haja ya kumuuliza kamba kama anajisikia nafuu. Mguu ulikuwepo, au haukuwepo.

Kisha neno likahamia hospitalini. Mwaka 1992 Leland Kaiser, Mmarekani aliyekuwa akitabiri mustakabali wa huduma za afya, akiandika kuhusu hospitali za siku zijazo, alizungumzia tawi jipya la tiba lenye jina hilo, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mwanasayansi na mfanyabiashara wa Marekani William Haseltine akalieneza. Angalia kilichotokea: neno liliingia kwenye tiba likiwa utabiri. Halikupewa kitu kilichokwisha kupatikana, lilipewa kitu kilichotarajiwa. Sisi tulipolipokea tukalitafsiri kwa kitenzi cha jambo lililotimia. Ndiyo maana kati ya tafsiri zetu mbili naipendelea "tiba rejeshi", ingawa nayo inaahidi zaidi ya inachotoa. Kurejesha kunaweza kuwa kurejesha nguvu, mwendo, usingizi. "Kuzalisha upya" kunadai mtoto aonekane.

Proloterapia, kwa mfano, inadai mtoto waziwazi. George Hackett, daktari wa upasuaji wa Marekani aliyelibuni jina hilo miaka ya 1950, alichukua neno la Kilatini lenye maana ya uzao. Wazo lake lilikuwa kuchokoza kano lililolegea ili mwili ulijibu kwa kuzalisha nyuzi mpya. Wazo si la kipuuzi. Ila jina lilipewa kabla mtoto hajazaliwa.

Seli shina nazo zina kisa kizuri zaidi. Ernst Haeckel wa Ujerumani ndiye aliyelitumia neno hilo kwanza, mwaka 1868, na hakuwa akifikiria magoti ya mtu. Alikuwa akichora miti ya ukoo ya viumbe, na "seli ya shina" ilikuwa mzazi wa kale mwenye seli moja ambaye viumbe wote walichipuka kwake. Shina la ukoo, basi. Baadaye maana ikasogea hadi kwenye seli zinazoweza kugeuka kuwa aina nyingine. Mwaka 1991 mwanabiolojia wa Marekani Arnold Caplan aliziita baadhi ya seli za uboho na tishu nyingine seli shina za mesenkima (tishu changa ya kiinitete inayozaa mifupa na gegedu), jina linalofupishwa kwa herufi MSC, na biashara nzima ya sindano ikasimama juu ya neno hilo "shina". Watu wakaona picha ya bustani: panda shina, gegedu litachipua.

Mwaka 2017 Caplan huyo huyo aliandika kwamba wakati umefika wa kulibadilisha jina alilolitoa mwenyewe. Alieleza kuwa seli hizi zikiingizwa mwilini hazigeuki kuwa tishu mpya kama jina linavyodokeza. Hutoa kemikali zinazoashiria seli nyingine zifanye kazi. Akapendekeza ziitwe seli za kitiba zinazotuma ishara, na kwa Kiingereza herufi MSC zikabaki zile zile. Ni nadra mtu kulikana jina lililomjengea sifa. Nami sijasikia tangazo hata moja la sindano likimfuata.

Hata idadi yake inasaidia kuelewa. Katika uboho, seli hizo ni takriban moja kati ya seli 10,000 hadi 100,000 zenye kiini. Sindano ya uboho uliokolezwa, kwa hiyo, ni supu ya mambo mengi ambamo "shina" ni punje chache.

PRP ina jina la uaminifu zaidi, kwa sababu linasema tu kilichomo. Chembe sahani ndizo zinazowahi kwenye jeraha. Hugandisha damu na kumwaga vichocheo vya ukuaji. Hoja ni kwamba ukivipeleka kwa wingi mahali pasipo na damu, utaamsha ukarabati. Hoja nzuri. Tatizo ni kwamba PRP si dawa moja: damu yako si yangu, mashine hazifanani, na wengine huacha chembe nyeupe za damu ndani huku wengine wakiziondoa. Zipo tafiti zilizoona nafuu ya miezi kadhaa kwenye goti, na kwenye maumivu sugu ya kano za kiwiko pia. Kisha upo utafiti wa Australia uliochapishwa katika JAMA, jarida la tiba la Marekani, mwaka 2021, wenye watu 288 wa miaka 50 na zaidi wenye magoti yaliyolika kwa kiwango kidogo hadi cha kati. Nusu walichomwa PRP, nusu maji ya chumvi, na hakuna aliyejua lipi ni lipi. Baada ya mwaka, kwenye kipimo cha hadi 10, maumivu yalishuka kwa wastani wa pointi 2.1 kwa PRP na 1.8 kwa maji ya chumvi, tofauti isiyo na uzito. Na gegedu? Lilipungua pande zote mbili, asilimia 1.4 kwa waliopata PRP na asilimia 1.2 kwa wenzao.

Soma tena takwimu hizo ukiwa na vile vitenzi vitatu mkononi. Makundi yote mawili yalipoa. Hakuna kilichoota, na kilichokuwepo kiliendelea kulika.

Kwa seli, jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2023 lilishindanisha aina tatu za sindano za seli na sindano ya kawaida ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe na maumivu, na baada ya mwaka hakuna iliyoishinda steroidi katika kupunguza maumivu ya goti. Na mwongozo wa mwaka 2019 wa chama cha wataalamu wa maradhi ya viungo cha Marekani unapinga vikali PRP na seli shina kwa goti na nyonga zilizolika, sababu kubwa ikiwa kwamba kinachochomwa hakina kipimo kimoja.

Naomba pia tuache kuiingiza kwenye kapu hili sindano ya asidi ya hailuroni, ile "grisi ya goti". Jina lake linatokana na neno la Kigiriki la kioo, kwa kuwa iligunduliwa mwaka 1934 kwenye majimaji angavu ya jicho la ng'ombe. Ni sehemu ya ute wa kiungo. Kuongeza ute ni kuongeza ute. Steroidi nayo hupoza tu, na ikirudiwa mara kwa mara inaweza kuchangia gegedu kupungua. Jaribio la mwaka 2017 lililotoa sindano kila baada ya wiki 12 kwa miaka 2 liliona hivyo.

Kinachonichekesha, kwa uchungu kidogo, ni kwamba kuotesha gegedu kunawezekana kwa kiasi fulani. Madaktari wa Sweden walieleza mwaka 1994 jinsi walivyochukua seli za gegedu la mgonjwa, wakazikuza maabara na kuzirudisha kwenye shimo la goti, na mwaka 2016 Marekani iliidhinisha aina mpya ya tiba hiyo. Lakini ni kwa mashimo yenye mipaka, si kwa goti lililochakaa lote, na kisu hakikwepeki. Yaani tiba inayostahili zaidi kitenzi hicho ndiyo isiyostahili maneno "bila upasuaji".

Mwenzangu nilimwambia haya tukiwa tunanyoosha misuli, akanuna kidogo. Hakuibiwa, nikamwambia. Goti limepoa, na kipindi hiki cha nafuu ndicho cha kuimarisha misuli ya paja, ambayo alikuwa hawezi kuifanyisha kazi kwa maumivu. Akiulizwa na mwingine anayefikiria sindano hiyo, aseme tu, "langu limepoa," na amwambie amuulize daktari anatarajia kupoza, kuponya au kuotesha, na kama ni kuotesha, watakuja kulitazama kwa picha gani na lini.

Akafikiri. "Sawa, limepoa," akasema. Kisha akaongeza, "kwa sasa," na hilo wala sikuwa nimemfundisha.