Umeme Unavukaje Kati ya Koili Zisizogusana?

Kazi yangu ni kusuka transfoma, na swali ninaloulizwa kila mara ni hili: kama nyaya za upande huu hazijaungana na za upande ule, umeme unapitaje?

Mkondo wenyewe hauvuki. Kinachovuka ni uga wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku hufanya kazi. Waya unaopitisha mkondo huzungukwa na uga huo, na ukiuviringa kuwa koili, uga wa kila raundi huungana na wa raundi nyingine. Weka koili ya pili karibu, sehemu ya uga itapenya katikati yake. Hapo bado hujapata kitu! Uga uliotulia, hata uwe mkali namna gani, hauzalishi volti yoyote kwenye koili iliyotulia. Lazima ubadilike.

Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliliona hilo Agosti 1831, akiwa na koili mbili juu ya pete moja ya chuma. Alipounganisha betri kwenye koili ya kwanza, sindano ya galvanomita (kipimo cha mkondo mdogo) iliyofungwa kwenye ya pili iliruka, kisha ikarudi sifuri, ingawa mkondo ulikuwa bado unapita. Alipoikata betri, ikaruka tena, ila upande wa pili. Ukijaribu mwenyewe kwa betri ndogo na transfoma, usishike nyaya tupu wakati wa kukata: uga huporomoka ghafla, na volti inayochomoza inaweza kukurusha.

Ndiyo maana transfoma hulishwa AC, yaani mkondo unaogeuka-geuka mwelekeo. Ya hezi 50 hubadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo uga hautulii kamwe. Raundi 1,000 upande wa volti 240 na raundi 50 upande wa pili hukupa takriban volti 12. Ukiilisha DC, yaani mkondo wa mwelekeo mmoja kama wa betri, itachemka tu mpaka iungue.

Wanaodhani hapa kuna umeme wa bure wamsome mwanafizikia Heinrich Lenz. Ukifunga mzigo (kifaa kinachotumia umeme) kwenye koili ya pili, mkondo wa koili ya pili huunda uga wake unaopinga mabadiliko, na koili ya kwanza hulazimika kuvuta mkondo zaidi.

Watu husahau pembe. Koili mbili zikiwa sambamba na kwenye mhimili mmoja, hushirikiana uga vizuri. Igeuze moja nyuzi 90, katikati yake ikibaki kwenye mhimili uleule, na volti hushuka karibu na sifuri hata kama zinakaribia kugusana. Mafundi wa redio hutumia ujanja huohuo kuzuia koili jirani zisiingiliane.