Dira kuzunguka kwa upepo: funga koki kabla maji hayajarudi

Kila mgao ukiisha, dawati la huduma kwa wateja la mamlaka yetu ya maji hupokea lalamiko lilelile: bomba limetoa upepo, dira ya maji imezunguka, ankara imekuja. Safari hii yamekuwa mengi kuliko kawaida, ndiyo maana nimeona niandike.

Ni kweli, dira huzunguka kwa upepo. Tusibishane na wananchi katika hilo. Dira nyingi za majumbani zina kigurudumu ndani kinachosukumwa na chochote kinachopita, kiwe maji au hewa. Maji yakikatika, bomba la mtaani huingiza hewa kupitia koki zilizoachwa wazi na sehemu zinazovuja. Yakirudi, huisukuma hewa hiyo mbele nayo hutafuta pa kutokea. Kwenye mabomba makubwa tunafunga valvu za kutoa hewa, hasa kwenye miinuko, kwa kuwa hewa hupanda na kukwama juu. Lakini ukiacha koki wazi, au simtanki likiwa tupu na boya limelala chini, nyumba yako inageuka kuwa tundu la kupumulia la mtaa mzima.

Ninachokataa ni ile imani kwamba ankara yote ni upepo. Tupige hesabu. Bomba la inchi 1 hubeba takribani nusu lita kwa kila mita, kwa hiyo mita 100 za bomba la kwenda kwako zina kama lita 50 za hewa. Bomba la mtaa la inchi 2 lenye urefu wa kilomita 1 lina karibu lita 2,000, yaani uniti 2, na hewa hiyo kwa kawaida haitokei kwa mteja mmoja. Uniti 2 ni fedha na sizidharau, hasa mgao ukiwa wa kila wiki. Ila mtu akija na uniti 40 zilizozidi, tutafute kitu kingine.

Majuzi nilikwenda kwa mama mmoja anayeishi mlimani. Nilipomwamkia aliitikia, "Marahaba mwanangu, njoo uone upepo unavyonilipisha," akanionyesha video kwenye simu: bomba linakohoa, kishale chekundu cha dira kinakimbia. Alichokirekodi kilikuwa kweli. Nikamwomba tufunge koki zote za nyumba na valvu ya tangi, kisha tukachuchumaa mbele ya dira. Kile kinyota kidogo cheusi cha dira, kinachoonyesha hata maji kidogo yanayopita, kiliendelea kuzunguka, taratibu, bila kusimama. Hapo hapakuwa na upepo tena. Ilikuwa ni flashi ya choo cha uani, maji yanateleza ukutani mwa sinki kimya kimya. Lita 1 tu kwa dakika ni lita 1,440 kwa siku, na kwa mwezi uniti 43. Mama yule alinyamaza, akamtuma mjukuu kwa fundi.

Sasa utaratibu. Maji yakikatika, funga koki iliyo baada ya dira. Yakirudi usiifungue hapo hapo. Subiri saa moja hivi, au mpaka majirani waseme yanatoka bila kukohoa. Kisha ifungue kidogo kidogo. Ukiifungua ghafla hewa hupita kwa kasi na kuichosha dira. Mwambie fundi akufungie na valvu isiyorudisha maji, ili ya tangini yasikimbilie bomba la mtaani. Wala usiache mpira umezama kwenye ndoo au pipa: bomba likikauka hunyonya, na uchafu wa pipa lako unakwenda kwa jirani.

Tatizo la pili ni hewa iliyokwama ndani ya nyumba: tangi limejaa, bafuni hayatoki. Simtanki kwenye mnara wa mita 3 lina nguvu ndogo sana, sehemu 3 tu za 10 za bar, kile kipimo cha presha. Bomba likipandishwa kuvuka mlango na kushushwa tena, hewa hukaa kwenye lile tuta na kula nguvu hiyo. Matuta mawili matatu yanatosha kuyazuia maji kabisa. Jaza tangi, fungua koki ya chini kuliko zote mpaka mwisho, iache hadi maji yatoke mfululizo, ifunge, uhamie ya juu yake. Yakikataa, mwite fundi aondoe tuta au aweke kitundu cha kutolea hewa mahali pa juu kabisa. Kuunganisha mpira kutoka bomba la mamlaka ili kusukumia hewa tangini tusifanye: presha ikishuka, maji ya tangi yanarudi kwenye mtandao.

Kuna wanaofunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka. Hilo ni kosa, na pampu hiyo ndiyo inayovuta hewa na matope kwenye nyufa za bomba na kuwanyima maji walio juu. Wengine hukata lakiri, ule muhuri wa dira, na kugeuza dira "ili kurudisha uniti za upepo". Ndugu zangu, hapana. Chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, kuchezea dira ni jinai. Utasitishiwa huduma, utalipia dira, utakadiriwa maji uliyotumia, na bado kesi ipo. Lalamiko lako la haki linafia hapo.

Ukiamini dira ina kasoro, ipige picha namba zikionekana: maji yanapokatika, kabla ya kufungua koki, na saa moja baadaye. Andika tarehe. Leta picha hizo na ankara za miezi 3, ujaze fomu ya malalamiko, na usiondoke bila namba ya kumbukumbu. Omba dira ipimwe. Ikikutwa haina kasoro, gharama ya kupima huwa juu ya mteja. Usiporidhika na majibu yetu, nenda EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Usianzie huko, kwa kuwa watakuuliza kwanza barua uliyopewa na mamlaka yako ya maji. Uamuzi wa EWURA nao unakatiwa rufaa Baraza la Ushindani.

Ukiwa unasubiri, endelea kulipa sehemu ya ankara usiyoibishia.