Mchumia juani hulia wapi? Dhana potofu kuhusu mishahara, kodi na ruzuku

Mjadala wa mishahara ukianza tu, atatokea mtu wa kukumbusha kwamba mchumia juani hulia kivulini. Kwa mkulima mwenye shamba lake huenda ni kweli. Lakini yule anayeamka saa kumi alfajiri kufagia ofisi za watu, akaondoka kabla wenyewe hawajafika, akaunganisha na kibarua cha pili hadi jioni, huyo jua keshalichumia vya kutosha. Ukimwambia ajitume zaidi, umemtukana.

Dhana: maskini ni maskini kwa sababu ya uvivu

Uvivu wa nchi nzima hauwezi kupungua mwaka huu na kurudi mwakani. Umaskini unaweza, na tumeuona ukifanya hivyo.

Machi 2021 Marekani ilipitisha sheria iliyopandisha nafuu ya kodi kwa wenye watoto, kutoka dola 2,000 kwa mwaka hadi dola 3,600 kwa mtoto aliye chini ya miaka 6, na dola 3,000 kwa wa miaka 6 hadi 17. Kiasi chenyewe kilisaidia, ila badiliko kubwa lilikuwa jingine. Kabla ya hapo, familia zenye kipato kidogo mno hazikuwa zikipata nafuu yote, eti kwa kuwa kipato chao hakikufikia kiwango. Yaani aliyehitaji zaidi ndiye aliyepata kidogo. Safari hii walipewa kamili, na kuanzia Julai hadi Desemba sehemu ya fedha hizo ilikuwa ikiingia kila mwezi: dola 300 kwa mtoto mdogo, 250 kwa mkubwa.

Kwa kipimo cha umaskini kinachohesabu pia kodi na misaada ya serikali, watoto maskini walikuwa asilimia 9.7 mwaka 2020. Mwaka 2021 wakashuka hadi asilimia 5.2. Nafuu ile haikuongezewa muda, na mwaka 2022 wakaruka hadi asilimia 12.4. Tuwe wakweli: mwaka 2021 kulikuwa pia na hundi za msaada wa korona, kwa hiyo sifa zote zisiende kwa sheria moja. Lakini wazazi walikuwa wale wale, na tabia zao zile zile. Kilichobadilika ni maandishi ya sheria.

Dhana: wakipewa pesa mkononi watazinywea

Hii hupendwa sana na watu ambao wao wenyewe hawajawahi kuulizwa mshahara wao umeishia wapi. Mexico ilianza kulipa familia maskini fedha taslimu mwaka 1997, Brazili ikaunganisha mipango yake kuwa Bolsa Família mwaka 2003, na nchi nyingi zikafuata. Fedha hizo kwa kawaida zilipitia mikononi mwa akina mama, kwa sharti kwamba watoto waende shule na kliniki. Watafiti David Evans na Anna Popova walikusanya tafiti kutoka Amerika ya Kusini, Afrika na Asia wakitafuta jambo hilo hilo la pombe na tumbaku. Kwa jumla hawakuona matumizi yakiongezeka. Mara nyingi yalipungua.

Kuna na wale wa "mtegemea cha nduguye hufa maskini". Sawa. Ila mwenye nyumba anayepunguziwa kodi ya mapato kwa sababu analipa riba ya mkopo wa nyumba, kama ilivyo Marekani na Uholanzi, naye anategemea cha nduguye. Tofauti ni kwamba chake hakiitwi ruzuku.

Dhana: kima cha chini kikipanda, ajira zinakufa

Hapa kuna ubishi wa kweli, na anayesema hakuna anadanganya. Aprili 1992 jimbo la New Jersey lilipandisha kima cha chini kutoka dola 4.25 kwa saa hadi 5.05. Jirani yake Pennsylvania hakupandisha. Wachumi David Card na Alan Krueger wakaona bahati imewajia: migahawa ya aina moja, pande mbili za mpaka, sheria mbili tofauti. Wakapigia simu migahawa 410 kabla na baada ya badiliko. Matokeo yao, yaliyochapishwa 1994, hayakuonyesha ajira kupungua New Jersey. Wenzao walikuja juu, wakatumia takwimu nyingine, wakapata majibu mengine, na mvutano ukaendelea kwa miaka. Card alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2021, Krueger akiwa ameshafariki.

Ujerumani nayo ilikaa bila kima cha chini cha kitaifa hadi Januari 2015, ilipoweka euro 8.50 kwa saa. Walikuwapo waliotabiri mamia ya maelfu ya ajira kupotea. Hazikupotea kwa kiwango hicho. Baadhi ya wafanyakazi walihamia kwenye kampuni kubwa zaidi zinazolipa vizuri.

Sababu si muujiza. Mwajiri mara nyingi ana nguvu kuliko mwajiriwa: waajiri ni wachache, nauli ya kwenda kutafuta kwingine ni ghali, na mtoto anataka ada leo. Mshahara unaotokana na mazingira hayo unaweza kuwa chini ya thamani ya kazi yenyewe, na hapo sheria inaweza kuupandisha bila kuua ajira. Haimaanishi unaweza kuupandisha utakavyo. Kiwango kina kikomo, na kikomo hicho hutofautiana mahali na mahali.

Dhana: nyongeza ya mshahara itanipeleka kwenye kodi kubwa, nitabaki na kidogo

Nimesikia watu wazima wakikataa saa za ziada kwa hofu hii. Basi tuichukue karatasi ya mshahara. Tuseme kipato hadi 1,000 kinatozwa asilimia 10, na kinachozidi hapo asilimia 20. Mwenye 1,000 analipa 100, anabaki na 900. Akipandishwa hadi 1,100, hatozwi asilimia 20 kwenye yote. Ile 1,000 inabaki na kodi yake ya 100, na 20 inakatwa kwenye 100 mpya tu. Anabaki na 980. Nyongeza imepungua njiani, haijageuka hasara.

Hata hivyo hofu hiyo haikutoka hewani. Shida iko kwenye ruzuku, si kwenye ngazi za kodi. Ikiwa ruzuku ya malezi ya mtoto inakatika yote pale kipato kinapovuka mstari fulani, mama aliyeongezewa 50 anaweza kupoteza 200. Huyo akikataa nyongeza si mjinga, amepiga hesabu. Aliyeikosea ni aliyechora mstari badala ya mteremko, ambapo ruzuku ingepungua kidogo kidogo.

Dhana: wenye kipato kidogo hawalipi kodi

Hawalipi kodi ya mapato, pengine. Lakini tangu Ufaransa ianzishe kodi ya ongezeko la thamani mwaka 1954, sehemu kubwa ya dunia huitoza dukani bila kuuliza mnunuzi ana kiasi gani. Anayetumia kipato chake chote anatozwa karibu kwenye chote. Anayeweka nusu benki anatozwa kwenye nusu.

Dhana: nchi yenye mishahara inayokaribiana ni nchi yenye usawa

Mshahara ni mto, mali ni bwawa. Sweden inasifika kwa mapato yasiyopishana sana, lakini umiliki wa mali uko mikononi mwa wachache, na nchi hiyo ilifuta kodi ya urithi mwaka 2004 na kodi ya utajiri mwaka 2007. Kidunia, ripoti ya ukosefu wa usawa ya mwaka 2022 ilionyesha asilimia 10 ya juu wakimiliki takriban asilimia 76 ya mali yote, na nusu ya chini wakigawana asilimia 2.

Dhana: malezi ni jambo la nyumbani, serikali haimo

Jimbo la Quebec nchini Kanada lilipoanza mwaka 1997 kutoa malezi ya watoto kwa dola 5 za Kanada kwa siku, akina mama wengi zaidi waliingia kazini. Ubora wa vituo ulilalamikiwa, na hilo ni haki kulisema, kwa kuwa bei nafuu bila walezi wa kutosha ni nusu ya kazi.

Ila aliyewahi kuionyesha hoja hii wazi kuliko wachumi wote ni wanawake wa Iceland. Tarehe 24 Oktoba 1975 takriban asilimia 90 yao waligoma, kazini na nyumbani. Hawakupika wala kulea. Shule na viwanda vingi vikafungwa, akina baba wakalazimika kwenda na watoto kazini, na wasikilizaji wa redio wakasikia sauti za watoto wakicheza studio huku taarifa ya habari ikisomwa.